Uzi: Kipimo cha Wazungu kinasema "usisukutue mdomo" ni Kiswahili kigumu kuliko cha chuo kikuu

MzibaPengo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Nimemaliza udaktari wa meno, sasa hivi ni mtarajali. Chuo sikitaji, hospitali siitaji, na nyie mnaonijua kaeni kimya. Mwaka wa mwisho kila mmoja alitakiwa afanye utafiti. Wenzangu wengi walikimbilia msongo wa mawazo kwa wanafunzi wa meno, maana hauna usumbufu: unagawa dodoso darasani, wanajaza washikaji zako, jioni unahesabu. Mimi nikajifanya mjanja. Nikachagua taarifa za wagonjwa mtandaoni, zile kurasa na video za Kiswahili zinazomweleza mtu habari za jino lake. Je, zinaaminika? Na je, mtu wa kawaida anazielewa?

Nianze na mgonjwa kwanza, vipimo baadaye.

Fundi magari, mtu mzima, kaja na shavu limevimba kidogo. Kafungua mdomo. Pembeni mwa gego la chini ufizi ulikuwa mweupe, umejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nikamuuliza, "Baba, umeweka nini hapa?" Akatoa simu, kioo kimepasuka kona moja, akanionyesha video: ponda aspirini, changanya na kitunguu saumu, bandika, lala. Kalala nayo siku tatu mfululizo. Aspirini ni tindikali. Inatuliza maumivu ikimezwa na kuingia kwenye damu. Ukiibandika kwenye ufizi inachoma tu pale ilipo. Na kitunguu saumu kibichi nacho kinachoma. Kwa hiyo alikuja na matatizo mawili badala ya moja.

Sasa huyu alikuwa kesi yangu. Kwa msiojua, mwanafunzi wa meno ana kota: uzibe meno kadhaa, utibu mizizi kadhaa, utengeneze meno ya bandia kadhaa, na kila moja mwalimu akusainie kwenye kitabu. Kitabu kisipojaa, chumba cha mtihani unakiona dirishani. Nilikuwa nimebakiza mzizi mmoja na wiki mbili. Mwalimu akaangalia ule ufizi, akasema tulifungue jino kupunguza maumivu, lakini matibabu yenyewe yasubiri, apone, arudi.

Nilienda nyuma ya jengo nikakaa kwenye ngazi. Machozi yalinitoka, sitaficha. Kwa ajili ya kitabu. Yule baba na ufizi wake sikuwa namuwaza kabisa, na hilo nililigundua usiku nikiwa nimelala.

Wiki hiyohiyo mwenzangu kaniletea dodoso lake la msongo nijaze. Sehemu moja inatoka kwa Maslach, yule wa mambo ya kuchoka na kazi, na inauliza kama umeanza kuwaona watu unaowahudumia kama vitu. Nikakaa na kalamu pale muda mrefu.

Naendelea, msijibu kwanza.

Nyani Ngabu Jr

Nishajibu. Mkeka umetandikwa, leta.

MzibaPengo

Haya. Kupima ugumu wa maandishi wenzetu wana kanuni. Maarufu kuliko zote ni ya Rudolf Flesch, ya 1948. Inaangalia mambo mawili tu: sentensi ina maneno mangapi, na neno lina silabi ngapi. Unachukua 206.835, unatoa 1.015 mara wastani wa maneno kwa sentensi, unatoa tena 84.6 mara wastani wa silabi kwa neno. Ukipata 60 hadi 70, hayo ni maandishi mepesi. Chini ya 30 ni ya watu wenye digrii.

Nikachukua sentensi rahisi kuliko zote nilizokuwa nazo: "Piga mswaki mara mbili kwa siku." Maneno sita. Nikahesabu silabi 13. Jibu: 17.

Nikadhani nimekosea. Nikachukua nyingine: "Usisukutue mdomo kwa maji mengi baada ya kupiga mswaki." Maneno tisa, silabi 24. Jibu: hasi 28. Hasi, wakuu. Kipimo kimeanguka chini ya sakafu. Kwa mujibu wa Flesch, bibi yangu anaongea kwa kiwango ambacho profesa hakifikii.

Kuna nyingine inaitwa SMOG, ya McLaughlin, 1969. Hiyo inahesabu maneno yenye silabi tatu au zaidi ndani ya sentensi thelathini. Kwa Kiswahili, neno "anakula" lina nne. "Sijamaliza" lina tano, na mtoto wa miaka mitatu analisema akiwa amejaza ugali mdomoni.

Niliandika yote haya kwenye pendekezo langu. Msimamizi akasoma, akasema tafiti zote zinatumia kanuni hizi, weka jedwali tuendelee. Nikaweka jedwali.

Mwl. Ngeli

MzibaPengo, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuitoa. Nafundisha Kiswahili mwaka wa 19 huu, naomba nikurekebishe jambo. "Mbili" lina silabi mbili: mbi-li. Wewe umeikata m-bi-li, kama unavyokata m-swa-ki. Ile *m* ya mswaki inasimama peke yake, ya mbili imeshikana na *b*. Kwa hiyo sentensi yako ina silabi 12, wastani 2, jibu ni 31 na nukta tano.

Ambalo bado ni upuuzi, hoja yako imesimama. Kiingereza kinaweka nafsi, wakati na mtendwa kila kimoja kwenye kijineno chake. Sisi tunavifunga vyote kwenye kitenzi kimoja kama mzigo wa kuni. "Hawajakuambia" ni neno moja, silabi saba, na halina ugumu wowote. Ugumu wa Kiswahili unakaa kwingine. Unakaa kwenye neno la kutafsiri ofisini ambalo halijawahi kupita sokoni. Mpe mtu "utando laini wa bakteria katika nyuso za meno", halafu mpe "ukoko unaoganda kwenye meno". Ya pili ataielewa akiwa anasinzia.

MzibaPengo

Shikamoo mwalimu. Nimeinama. Hiyo *mbili* ipo kwenye utafiti wangu uliojalidiwa, sasa sijui nifanyeje.

Mwl. Ngeli

Marahaba. Acha, hakuna atakayeufungua.

Bonge la Hoja

Mimi nina swali la kiuchokozi. Hawa wa meno mnalia sana. Uhandisi tunakesha, sheria wanakesha, ualimu wako mazoezini vijijini hata posho hawajaiona. Nyie mwisho wa siku mtaitwa daktari. Msongo gani wa kipekee huo mpaka ufanyiwe utafiti kila mwaka?

MzibaPengo

Swali halali. Dodoso la kwanza maalumu la wanafunzi wa meno lilitengenezwa na Garbee na wenzake Marekani mwaka 1980, na tangu hapo nchi baada ya nchi majibu yanayorudi juu kabisa ni yaleyale: mitihani, na kumaliza kota. Mhandisi akikosea hesabu anafuta. Mimi nikikosea kwa kekee ya meno inayozunguka mara laki tatu kwa dakika, ndani ya mdomo wa mtu anayenitazama usoni, sifuti. Na huyo mtu inabidi nimtafute mimi. Nimewahi kumlipia mgonjwa nauli ya daladala kwenda na kurudi pamoja na chai, ili tu aje jino lake lizibwe bure. Mwenzangu mmoja alikuwa anazunguka stendi anawaomba makondakta wafungue midomo.

Bonge la Hoja

Hahaha, hiyo ya makondakta imeniua. Sawa, nimelegeza.

kijana_wa_hosteli

Mimi niko mwaka wa tatu meno (chuo kingine). Naomba niseme kidogo kuhusu hayo madodoso.

Tulipewa lile la maswali matano la WHO. Wiki mbili zilizopita: ulikuwa mchangamfu? Ulikuwa mtulivu? Uliamka ukiwa umepumzika? Kila swali sifuri hadi tano, unajumlisha, unazidisha kwa nne, upate alama kati ya sifuri na mia. Hamsini kushuka chini, inabidi mtu aangaliwe zaidi. Mimi nilipata 28. Nikakunja karatasi nikarudisha, na hakuna aliyeniita, kwa sababu hatukuandika majina. Nimeelewa sababu ya kutoandika majina. Ila nilikaa siku kadhaa nasubiri kama mjinga, nikidhani labda mtu atajua ni mimi.

Halafu kuna dodoso lilikuwa na "je, unahisi huzuni?" Nikajaza hapana. Sina huzuni. Nina mawazo. Kwa mama yangu nikisema "mama, nina mawazo" ataacha kila kitu aje. Nikisema "nina huzuni" atauliza nani kafa.

NesiPwani

kijana_wa_hosteli, mwanangu, hiyo 28 ni ya lini? Kama ni ya muhula huu, usiiache humu kwenye uzi. Chuo chochote kina mshauri wa wanafunzi, na ukiona aibu kwenda huko, nenda kliniki ya kawaida ya hospitali, sema hivyohivyo ulivyosema hapa, "nina mawazo na silali." Mhudumu mzoefu anaelewa. Nitumie ujumbe binafsi ukitaka.

kijana_wa_hosteli

Nimekutumia, aunti.

Dereva Mstaafu

Samahani wakuu kukatisha. Nina jino, gego la juu kulia. Nikinywa chai ya moto linauma, na maumivu yanakaa hata dakika kumi baada ya kuweka kikombe chini. Usiku linanipigapiga kama moyo. Dukani wamenipa vidonge vya rangi mbili, nimemeza siku tano, yananyamaza yanarudi. Mtandaoni wamesema karafuu. Msaada tafadhali.

MzibaPengo

Mzee wangu shikamoo. Jino siwezi kulitibu bila kuliona, ila nikueleze ninachokijua.

Jino lina ganda gumu la nje, na katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Maumivu yanayobaki muda mrefu baada ya kitu cha moto, na yanayokuamsha usiku, mara nyingi yanasema kiini kimeshavimba na hakitarudi hali yake. Vidonge vya rangi mbili vinaua vijidudu vinavyofikiwa na damu. Kiini kinachokufa ndani ya jino damu yake haifiki vizuri, ndiyo maana vinanyamazisha siku mbili tu. Karafuu inatia ganzi kweli, mafuta yake hata sisi tunayatumia kwenye dawa fulani za kuzibia, ila haiponyi. Hapo njia ni mbili: kutibu mzizi, au kung'oa. Uliza bei na uimara wa zote mbili kabla hujakubali chochote.

Kitu kimoja usikichezee. Ukiona uvimbe unashuka chini ya taya au shingoni, mdomo haufunguki vizuri, kumeza kunakuwa shida, au homa inapanda, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa.

Dereva Mstaafu

Marahaba. Uvimbe hakuna. Nitaenda Jumatatu.

Mmeru wa Usa

Kwa kuwa tumefika kwenye mitandao, mimi nina la kwetu. Huku kwenye miteremko ya Meru maji yana floraidi nyingi, meno yetu yana madoa ya kahawia tangu yanaota. WHO wanashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 8, baadaye 4, maana vyanzo vingi vya huku visingefaulu. Na magadi tunayowekea kwenye makande na loshoro nayo yanaongeza. Sasa binti yangu yuko sekondari ya mjini, wanamcheka. Akaona video: ndimu na unga wa mkaa, sugua asubuhi na jioni. Kasugua miezi miwili. Madoa yako palepale, ila sasa maji baridi yanamliza.

MzibaPengo

Hilo doa liko ndani ya ganda la jino, lilijengeka nalo utotoni. Ndimu inalainisha ganda, mkaa unalikwangua. Anaondoa jino, doa linabaki. Aache leo. Kuna matibabu ya kupunguza madoa hayo na ya kuyafunika, yapo hospitali kubwa. Na mwambie wanaomcheka kwamba meno yenye madoa kiasi yanaweza kuwa imara tu, asiyachukie.

NesiPwani

Mnakumbuka "meno ya nailoni"? Wengine wanaita ya plastiki. Mtoto wa miezi mitano anaharisha na ana homa, mtaalamu wa mtaani anapapasa ufizi, anahisi vijivimbe pale chonge zitakapoota, anasema hayo ndiyo yanayomuua, anayachimbua kwa spoku ya baiskeli. Vile ni vichipukizi vya chonge tu, kila mtoto anavyo. Nimepokea watoto waliofika wameishiwa damu. Miaka ya 80 habari ile ilisambaa kwa midomo, kijiji kwa kijiji. Juzi nimeiona kwenye kundi la simu la kina mama, maneno yaleyale, safari hii ina picha na muziki wa kinanda.

Mama Nasra

Jamani mmenitisha. Wangu ana miezi 14, meno sita. Nimpige mswaki au nisubiri? Mtandaoni mmoja anasema dawa yenye floraidi ni sumu kwa mtoto, mwingine anasema lazima.

MzibaPengo

Anza, tangu jino la kwanza. Chini ya miaka mitatu weka dawa kiasi cha punje ya mchele, mitatu hadi sita kiasi cha njegere. Tafuta iliyoandikwa 1000 ppm au zaidi ya floraidi. Kwa punje ya mchele hata akimeza hakuna neno. Ushike mswaki wewe, asishike yeye.

Na hapa mama Nasra umenirudisha kwenye nilichotaka kusema tangu mwanzo. Wewe mtu wa kwanza kasema sumu, wa pili kasema lazima. Utamjuaje mkweli? Kuna kipimo kingine nilikitumia kinaitwa DISCERN, kilitengenezwa Oxford mwishoni mwa miaka ya 90. Kina maswali 16, na hakihesabu silabi hata moja. Kinauliza kama mtu wa duka: habari hii umeitoa wapi? Ya lini? Tiba hii inafanyaje kazi? Faida yake? Madhara yake? Nisipotibiwa kabisa itakuwaje? Kuna njia nyingine? Hicho kilivuka bahari bila kulowa. Karibu kila ukurasa niliousoma ulikwama kwenye maswali mawili, la madhara na lile la nisipotibiwa itakuwaje. Zote zilikuwa zinasifia. Na ile video ya aspirini ilikwama kwenye yote, ila ilikuwa na sauti nzuri sana.

Mwl. Ngeli

Kwa upande wa kueleweka, Wilson Taylor mwaka 1953 alileta mtindo wa kufuta kila neno la tano, msomaji ajaze. Huo hauhesabu silabi. Ila kwetu tahadhari: ukimpa mwanafunzi "Fizi ____ zinatoka damu", ngeli imeshamnong'oneza kwamba jibu linaanza na *z*, hata kama hajui fizi ni mdudu gani. Atapata maksi bila kuelewa. Mimi ningemsomesha mtu, nikafunika karatasi, nikamwambia haya, nieleze mimi.

MzibaPengo

Mwalimu, hicho ndicho nilichokifanya baada ya utafiti kuisha, bila jedwali, kwa raha yangu. Nilimpa mama ntilie anayetuuzia chakula kikaratasi nilichoandika. Kasoma haraka kuliko mimi, mkono mmoja uko kwenye mwiko. Nikafunika. Kasema: "Unatema povu, husukutui." Nikafurahi. Kisha akasema, "Lakini mimi nitasukutua. Niache povu mdomoni nile sabuni?"

Kila neno alilielewa. Nilichokuwa sijamwambia ni kwa nini. Nikaongeza mstari mmoja: dawa kidogo inayobaki kwenye meno ndiyo inayoendelea kuyalinda. Akafikiri, akasema, "Sasa hapo umesema." Kwa Flesch mstari ule uliongeza silabi na kuufanya ukurasa kuwa mgumu zaidi.

Jingine alilonifundisha: nilikuwa nimeandika "wadudu wanaotoboa meno". Kaniuliza kama wanaonekana wakitoka. Kumbe kuna mtu anazunguka mtaani kwao anafukiza moshi wa mbegu kwenye shavu na kuwaonyesha watu viwavi kwenye bakuli. Nikafuta "wadudu", nikaandika "sukari ikikaa kwenye meno inageuka tindikali, tindikali inayala".

Nyani Ngabu Jr

Na yule fundi magari? Alirudi?

MzibaPengo

Hakurudi. Nilimpigia mara nne, haipatikani. Kesi yangu ya mwisho nilipewa na mwenzangu aliyekuwa na mbili. Kitabu kikajaa siku moja kabla.

Bonge la Hoja

Dah.

Dereva Mstaafu

Wakuu, nimetoka kliniki. Nimechagua kutibu mzizi. Limefunguliwa, limesafishwa, nimewekewa dawa, narudi wiki ijayo kumalizia. Niliuliza yale maswali ya madhara na nisipotibiwa itakuwaje, yule mkubwa wao akacheka akasema mzee umesomea wapi. Aliyenihudumia ni kijana mwanafunzi. Mikono ilikuwa inatetemeka mwanzoni, nikamwambia taratibu mwanangu, hata mimi nilianza na trela tupu.

MzibaPengo

Asante kwa mrejesho mzee. Usikose wiki ijayo tafadhali. Kwa ajili ya jino, na kwa ajili ya huyo kijana pia, hatasainiwa mpaka limalizike.

Dereva Mstaafu

Kumbe. Ndiyo maana aliniandikia tarehe kwenye kadi, halafu akaniandikia tena kwenye kiganja.